Pumba Kwenye Gari ya Nawaf

Najat, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kaniletea daftari la mistari mipana na kalamu mbili, kaniambia, Mama Mkubwa andika maisha yako, tunakusanya maisha ya kina mama wa ukoo tuyatie kwenye kitabu. Maisha yangu. Kama vile maisha ni mchele, unapima kilo mbili unafunga. Mie shule nilitolewa darasa la tatu, macho haya yanaona herufi zikiwa kubwa kama vifaranga, na mkono huu umezoea kushika kipimo cha nafaka, si kalamu. Nikamwambia basi mie niseme wewe uandike. Akasema hapana, wenzio wote wameandika wenyewe. Wenzangu wote wana wajukuu wa kuwaandikia, ila hilo hakulisema.

Haya. Lakini sitaandika nilizaliwa wapi na nilipakwa hina na nani. Nitaandika habari ya gari, maana hiyo ndiyo watu wanayoisema nikishawapa mgongo, na wanaisema vibaya. Wanasema Bi Nunu wa Mtoni alivunja posa ya mjukuu wake kwa ajili ya betri.

Mie ni Nunu binti Matar. Mume wangu aliniachia mtoto mmoja, Yazid, na duka la nafaka Mtoni, upande wa Kilwa Road ambao maji ya mvua hayafiki. Shemeji zangu wakasema mwanamke hawezi kukaa dukani na mapagazi, tuuze. Sikuuza. Nimekaa duka lile miaka thelathini na minane, mchele, mahindi, choroko, kunde, unga wa sembe, mpaka magoti yakakataa. Na katika miaka yote hiyo sijawahi kununua gunia bila kulichoma bambo. Kwa wasiojua, bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji, unakidunga ubavuni mwa gunia, kinatoka na nafaka ya katikati. Juu ya gunia mtu anaweza kukupangia punje nzuri kama meno ya bibi harusi, na katikati ukakuta pumba na fukusi wanatembea. Nililichoma gunia la kila mtu. Kaka yangu mwenyewe wa tumbo moja aliniletea mahindi kutoka Songea, nikatoa bambo mbele yake, akanuna mwaka mzima. Mwaka wa pili akarudi na mahindi safi. Hatukulizungumza tena.

Mke wa Yazid alifariki mtoto wao ana miaka minne. Mtoto huyo ni Lujain. Yazid akawa hajui hata kumsuka, nikamchukua mie. Kalala juu ya magunia, kajifunza kuhesabu kwa choroko, homa zake zote nimezikesha mie. Sisemi ili nishukuriwe. Nasema ili anayesoma ajue huyo mtoto ni nani kwangu.

Basi mwaka juzi watu wa Nawaf wakaja kumposa Lujain. Huyu Nawaf ni mtu wa upande wa marehemu mume wangu, kwa mbali, ana yadi ya magari ya mtumba Kinondoni na kajenga Mbweni nyumba ya ghorofa yenye vioo vingi kuliko ukuta. Kijana wake anaitwa Awadh, mpole, anasalimia akiwa kasimama. Lujain alimtaka. Sikuambiwa, niliona mwenyewe, alianza kuimba akiosha vyombo. Tukakubali. Wakaleta pete na vitambaa, tukapanga ndoa iwe Mfungo Mosi, Ramadhani ikishatoka.

Wakati huo Yazid alikuwa anaendesha gari ya mtu kwenye teksi za kuitwa kwa simu. Asubuhi mpaka magharibi yuko barabarani, na anachopata kinaishia kwa mwenye gari na kwenye mafuta. Akitoka Mbagala kwenda Mwenge na foleni ile, gari imesimama lakini mafuta yanaondoka tu. Mie nilikuwa nimeshauza fremu ya duka, pesa ipo, nilishamwambia nitamnunulia gari yake mwenyewe ila ntaichagua mie. Siku moja akaja anacheka peke yake. Nawaf kamwambia ana gari ya haibridi, ya mke wake Khulud, haijawahi kubeba mzigo, inakwenda arusini na hospitali tu. Kwa kuwa sasa sie ni wamoja, atampa kwa bei ya udugu.

Nikamuuliza haibridi ndiyo nini. Akaniambia, Mama, inatumia petroli na umeme. Kwenye foleni injini inalala, betri inavuta gari kimyakimya, ukikanyaga breki inajichaji yenyewe. Mafuta anayochoma wiki hii yangemfikisha wiki mbili. Nikasema vizuri sana, na nani kaifungua kuiangalia?

Hapo akaanza kutazama chini. "Mama, mtu anamkaguaje mkwe wake?"

Hilo ndilo jambo lenyewe, na wa kwetu wanalielewa. Kitu cha mkwe hakikaguliwi. Akikupa unapokea, akikuuzia unalipa, ukikuta kibovu unanyamaza, maana ukileta fundi umeshamwita mwizi, na mtu aliyeitwa mwizi hawezi kukupa mwanawe. Ndivyo tulivyolelewa. Nami naijua hiyo desturi kuliko Yazid, nimewazika wazee walioileta. Lakini ile pesa ilikuwa ni duka langu. Nikampa Yazid chai.

Kesho yake nikaenda kwa Fransis. Huyu ni fundi umeme wa magari, mtu wa Njombe, karakana yake ya bati iko mtaa wa pili kutoka kwangu. Mama yake alikuwa mteja wangu wa maharage. Anaongea taratibu kama anayepanda mlima, na hajui kupaka mtu mafuta, ndiyo maana nampenda. Akanitolea kigoda, akaniamkia, nikamweleza.

Akasema gari hizo si mbaya, yeye mwenyewe angekuwa na uwezo angechukua. Injini haichoki upesi kwa kuwa ina msaidizi. Kwa mtu wa teksi za mjini, anayekaa kwenye foleni, hakuna gari inayomfaa zaidi. Lakini nyuma kule, karibu na kiti, kuna betri kubwa yenye vyumba vingi, na chumba kimoja kikichoka kinawachosha wenzake. Ikifa yote, kununua nyingine nzima si mchezo, na za kuungaunga hazifiki mwaka. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama haibridi ya mtumba inafaa kununuliwa anauliza habari ya betri, mengine ni rangi na redio.

"Nitaijuaje kama imechoka?"

"Kwa macho hutaijua, mama. Mimi nina mashine, naichomeka chini ya usukani, dakika kumi. Ikisema nzima, nunua hata leo, nitakushangilia. Bila hiyo mashine usitoe hata mia."

Nikamwambia kumbe ni bambo. Hakulijua bambo, nikamweleza, akacheka mpaka akaweka spana chini. Akasema hilohilo, mama, bambo la umeme.

Nikamwomba basi afanye kwa siri. Tulikuwa tumealikwa Mbweni chakula cha mchana Jumapili, sie wote. Nikasema uje kama dereva wangu, watu wakiwa ndani wanakula wewe chomeka mashine yako, uniambie kwa jicho. Fransis akakataa. Akasema yeye hachomeki mashine kwenye gari ya mtu bila mwenye gari kujua, akikamatwa ataitwa mwizi wa vifaa, na sura yake si sura ambayo mtu wa Mbweni ataiuliza mara mbili. Alikuwa sawa. Nikamwambia njoo na mashine, ruhusa nitaomba mie.

Jumapili tukaenda. Lujain alivaa baibui mpya, mikono imenukia udi, kanishika mkono njia nzima. Gari ipo uani, nyeupe ya kung'aa, imeoshwa mpaka matairi yanafanana na viatu vya shule. Nawaf akatupokea, shikamoo Shangazi, karibu Shangazi, ingia uone gari yenu. Akatuzungusha mtaa mzima. Mie nilikaa nyuma. Ni kweli inakwenda kimya kama mtu aliyevua viatu. Lakini tulipokuwa tumesimama mlangoni kwake, injini ikawa inaamka, inalala, inaamka, inalala, kama mtu mwenye kiungulia. Na karibu na nyonga yangu, ubavuni mwa kiti, kuna kitundu chenye vyuma vyembamba, feni humo ndani inavuma kuliko ya dukani kwangu. Nikamuuliza Nawaf hiyo kelele ni nini. Akasema ni kiyoyozi, Shangazi, inakupoza.

Tukala. Wanaume barazani, sie kina mama ndani kwa Khulud na dada wawili wa Nawaf na majirani. Khulud ni mwanamke wa haya, anaongea kama anaomba ruhusa. Alinichagulia minofu yeye mwenyewe, sikatai. Baada ya kunawa nikatoka kwenda barazani. Nikasimama mlangoni, nikasema Nawaf mwanangu, pesa ninayoleta ni ya duka la marehemu, na marehemu unamjua, hakununua kitu bila kukipima. Nimekuja na fundi, yuko getini, ana kimashine cha dakika kumi. Nikasema kwa adabu. Yazid shahidi, ingawa siku hizi Yazid hashuhudii kitu.

Nawaf akacheka kwanza. Kisha akasema, na sikiliza alivyobadili jina, "Bi Nunu, umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Kula nimeshamaliza," nikamwambia.

Wale wanaume wengine wakatazama vikombe. Yazid akainuka kunishika mkono, nikautoa. Ndipo Nawaf akaona akikataa itakuwa vibaya zaidi, akasema kwa sauti ya wote, mwacheni bibi acheze na mashine yake, gari ya mke wangu haina cha kuficha.

Fransis akaingia, akasalimia kila mtu, akachomeka. Akatazama muda mrefu. Akasema hii gari kumbukumbu za makosa yake zimefutwa, na tangu zifutwe imetembea kilomita sita tu. Maana yake zimefutwa leo. Nawaf akasema vijana wa kuosha walichomoa betri ndogo, ndiyo hivyo inavyokuwa. Fransis akasema inawezekana. Akatazama tena. Akasema lakini vyumba vitatu vya betri kubwa vina umeme mdogo kuliko wenzao, vinashuka nikiiacha ikae. Nawaf akasema mashine za kichochoroni zinasema lolote. Kwa hiyo ikawa neno la fundi wa Mtoni na neno la tajiri wa Mbweni, na mnajua lipi linashinda.

Mie sijui mashine. Nikaingia kiti cha nyuma, nikatia kidole kwenye kile kitundu cha feni. Fransis akanifungulia vyuma vyake kwa bisibisi. Nikatoa kiganja kizima. Naomba anayesoma asinifundishe kitu nilichokikalia miaka thelathini na minane. Zilikuwa pumba za mahindi, zimeshikana na vumbi, na ndani yake fukusi wakavu. Gari ya kwendea arusini na hospitali. Hiyo gari ilibeba magunia ya mahindi si mara moja wala mara kumi, kiti kimelazwa, kitundu cha betri kupumulia kimezibwa na vumbi mpaka ikachemka. Fransis akatikisa kichwa tu, akasema hicho ndicho kilichoiua.

Sasa hapa ndipo wanaposema nilikosea, na nitaandika nilivyofanya bila kupunguza. Sikumwonesha Nawaf. Nilizifunga zile pumba kwenye pembe ya mtandio wangu, nikarudi ndani kwa kina mama. Walikuwa wanamimina kahawa. Nikafungua mtandio juu ya sinia ya kahawa mbele ya Khulud.

"Khulud mwanangu, gari yako umeibebea mahindi lini?"

Akaziangalia. Akaniangalia. Nadhani hakuelewa kabisa kwamba kuna kitu cha kuficha, maana alijibu hapohapo, "Mie sina gari, Shangazi."

Dada zake Nawaf wakasikia. Majirani wakasikia. Khulud akaona nyuso za mawifi zake, ndipo akafahamu amemfanya nini mumewe, akafunika mdomo kwa mkono. Kumbe hata kuambiwa hakuambiwa kwamba jina lake linauzia gari. Lujain alikuwa kasimama na bilauri ya maji. Sikumtazama. Nilitazama sinia.

Tukarudi Mtoni na gari ya Fransis, Yazid mbele, sie nyuma. Mie nilikuwa natarajia Yazid aniambie ahsante Mama, umeniokoa. Mpaka leo natarajia.

Siku ya nne akaja mwanamke mtu mzima wa kwao, akanywa chai, akasema kijana kumbe bado anataka kusoma, ndoa ingoje, na wakati tunangoja pete na vitambaa vikae kwao visije vikaliwa na nondo. Hakutaja gari. Hata mie sikuitaja. Nikamrudishia kila kitu kimekunjwa, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Lujain hakulia mbele yangu. Alikuja jikoni, akaegemea mlango, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, ungenunua tu gari mbovu."

Nikamwambia ningetupa duka la babu yako chini ya kiti cha Nawaf, kwa nini?

"Gari ikifa inavutwa na kamba," akasema. "Mie nani atanivuta?"

Nikamwambia familia inayoanza na uongo wa gari itamalizia na uongo mwingine mkubwa. Akasema Awadh hakujua. Nikasema utajuaje kama hakujua? Akasema, "Nikamchomeke mashine?" Akaondoka. Mtoto niliyemfundisha mie mwenyewe kutokubali kitu bila kukipima, akanirudishia hivyo.

Mwezi ukapita. Nyumba ina watu watatu na mie naongea na redio. Kisha Yazid akaja na ujumbe. Alikwenda Mbweni peke yake, kaongea na Nawaf. Nawaf yuko tayari kuyamaliza, kijana anataka, mambo yanaweza kurudi. Ila kwa mambo mawili. La kwanza gari ichukuliwe, kwa bei ileile, ili watu waone haikuwa na ila. La pili mie niende Mbweni, mbele ya kina mama walewale, niseme niliteleza, zile pumba nilizitoa kwenye mtandio wangu mwenyewe kwa kuwa mie ni mtu wa nafaka na nguo zangu hazikosi vumbi.

Nilimwambia ayarudie, akayarudia. Alikuwa ameyashika kwa moyo kama mtoto wa madrasa.

Nataka nieleweke. Kama wangeniambia nenda kamwombe radhi Khulud, ningekwenda kwa miguu. Yule mwanamke hakunikosea na nilimvua nguo mbele ya mawifi zake. Hilo linaniuma na naliandika. Lakini Nawaf hakutaka nimwombe Khulud. Alitaka niombe kwake yeye, na nijiite mwongo, juu ya kitu pekee ambacho najua kuliko yeye. Watu watatu wa ukoo walikuja kunisihi. Wakasema ni maneno tu, Bi Nunu, sema yaishe, mtoto aolewe. Maneno tu. Kama ni maneno tu, kwa nini yeye asiyaseme?

Lujain alikuja mwisho wao. Alikaa chini miguuni kwangu kama zamani nilipokuwa namsuka. Akasema hataki nimwombe mtu, anataka niwepo tu siku ya ndoa yake, na bila ya hayo maneno Nawaf hatakubali nivuke geti. Akasema, "Bibi, mara moja tu. Kwa ajili yangu. Sitakuomba tena kitu."

Nikamwambia sitasema uongo kwa uzee huu niliofika. Akaniuliza, "Hata nikiolewa bila wewe?" Nikamwambia geti ni lao.

Nilidhani hataweza. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na niliipiga vibaya. Nilidhani mtoto niliyemlea hawezi kuolewa bila mkono wangu kumpaka hina, atasita, kijana naye akimpenda atamlazimisha baba yake. Sikujua kwamba huyo mtoto kaurithi ugumu wangu wote, hakuacha hata tone.

Pesa ya fremu ilikuwa benki kwa jina la Yazid, kwa kuwa mie sahihi yangu inawasumbua. Akaenda akaitoa. Akanunua gari ileile, nyeupe ya kung'aa, akaja nayo mpaka mlangoni akiwa haniangalii. Alisema Mama, wamekubali nusu, gari imetosha, ila wewe getini kwa Nawaf bado. Kwa hiyo duka langu likalipa mahari upande usiolipa mahari. Nikamwambia Yazid asiiegeshe ukutani kwangu. Akaegesha kwa jirani.

Ndoa ikafungwa Mfungo Mosi, Mbweni. Siku hiyo nilipika ugali na mlenda, nikala. Najat alinionesha picha kwenye simu yake, nikamrudishia. Wanasema alipakwa hina na dada yake Nawaf.

Gari ilikwenda miezi mitano. Tuseme haki, miezi hiyo Yazid alikuwa anasema ni kweli mafuta haili, akawa ananitajia kila siku kama anayenichokoza, leo nimekwenda Tegeta mara mbili Mama, na mshale haujagusa chini. Mwezi wa sita taa nyekundu zote zikawaka Mabibo, mbele ya soko, abiria ndani, ikakata. Waliisukuma wapakuaji wa mananasi. Fransis alipoifungua alikuta betri imevimba. Alinipitia nyumbani, akakaa kwenye kigoda nilichompa, akanywa maji, akaondoka, hakusema nilikwambia. Wote kwenye habari hii, huyo mtu wa Njombe peke yake ndiye mwenye adabu.

Nawaf alimwambia Yazid gari ilikuwa nzima alipoitoa, labda ameiendesha vibaya. Yazid karudi kwa bosi wake wa zamani, anaendesha gari ya mtu. Ile nyeupe iko kwa jirani, matairi yameshuka, kuku wanaingia kwa dirisha. Nilisema itakuwa hivyo, na imekuwa hivyo. Hakuna hata mmoja wa ukoo huu aliyekuja kukaa kwenye mkeka wangu akasema Bi Nunu ulikuwa sawa. Wanakuja wanasema habari za magoti. Nikisema habari ya betri wanasema yameshapita hayo. Yamepita kwa nani?

Lujain kajifungua mtoto wa kike, sasa ana miezi mitatu. Najua kwa watu. Ananitumia salamu kwa Najat, na Najat anazileta kama dawa, asubuhi na jioni. Wanasema Awadh anamtunza, wanasema kweli hakujua habari ya gari, na alipojua aligombana na baba yake akahama ghorofa ile, wamepanga vyumba viwili hukohuko Mbweni. Inawezekana. Mtu mzuri anaweza kuzaliwa na Nawaf, siwezi kukataa. Kwa hiyo Lujain alipima vizuri kuliko mie, na bila mashine. Hilo nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Sasa wewe uliyesoma. Umesoma kazi ya wiki tatu, macho yangu yanatoka maji, mkono umekufa ganzi, na hujanilipa kitu. Najat anasema kitabu kitafika kwa ukoo wote. Basi ukifunga hapa, vaa viatu uende Mbweni. Uliza kwa Lujain binti Yazid, wamepanga nyuma ya msikiti, nyumba ya bati la kijani. Usimwambie nimelia, sikulia. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, wala usiniletee radhi yake. Mwambie geti langu ni kipande cha mbao, halina mlinzi, na mtoto huyo sijamshika. Kisha rudi Mtoni, ukae kwenye mkeka, uniambie kasema nini, neno kwa neno, hata kama ni baya. Usinipigie simu. Njoo.